Mali Ikishauzwa

Mwaka wa 1888 kurudisha kamera kiwandani hakukuwa ugomvi. George Eastman alipoanza kuuza Kodak yake kwa dola 25, ilikuja na filamu ya picha 100 ndani. Ukizimaliza, unatuma kamera nzima Rochester, New York. Wanasafisha picha, wanaweka filamu mpya, wanakurudishia, unalipa dola 10. Kamera ya watu wa kawaida ilizaliwa ikijua kwenda na kurudi. Sisi leo tukitaka kuirudisha kutoka Homa Bay hadi Migori tu, tunaonekana wakorofi.

Sababu ni ule muhuri. Si unaujua? Uko chini ya risiti, mara nyingi kwa wino mwekundu: mali ikishauzwa hairudishwi. Tumeusoma tangu utotoni mpaka tunadhani ni sheria. Kumbe sheria yenyewe inasema mengine kabisa.

Uingereza ya zamani ilimwambia mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Kisha mwaka wa 1815 ikaja kesi ya Gardiner na Gray, kuhusu mabaki ya hariri yaliyouzwa bila mnunuzi kupata nafasi ya kukagua mzigo. Jaji Ellenborough aliamua kwamba bidhaa lazima iwe ya kuuzika kwa jina lililouziwa, kwa kuwa hakuna mtu anayenunua kitu akakimwage jalalani. Wazo hilo likaingia katika sheria yao ya 1893, na mwaka wa 1931 wakoloni wakaileta Kenya. Ndiyo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Wakati huo reli ilikuwa imefika Kisumu miaka 30 nyuma, na meli za ziwani zilikuwa zikishusha bidhaa za maduka huku kwetu Nyanza Kusini. Sheria ya kununua mbuzi kwenye gunia ikatufuata kwa maji, tuseme.

Lakini iliachwa na mlango wa nyuma: muuzaji na mnunuzi waliruhusiwa kukubaliana kwamba ulinzi huo usiwepo. Hapo ndipo muhuri uliponona.

Kamera yangu (haikuwa Sony; huku Migori ukisema Sony watu wanaelewa sukari ya Awendo) niliinunua mpya, kwa pesa ya kupiga picha za mazishi na harusi karibu mwaka mzima. Siku ya nne, Homa Bay, lenzi ikakataa kufokasi. Inanguruma, inaenda mbele, inarudi nyuma, sura ya mtu inabaki ukungu. Na Jumamosi nilikuwa na mazishi. Huwezi kumwambia mjane arudie kuaga.

Nikapiga simu dukani.

"Boss, hiyo ni kitu kidogo. Peleka kwa fundi hapo tu."

Fundi niliyempata stendi aliigeuza mara mbili, hakugusa skrubu. "Omera, hii naweza. Lakini nikiifungua, imekuwa yako."

Yule jamaa hajasoma Sura ya 31, lakini alichosema kimo humo. Ukikitendea kitu kama mwenyewe, au ukikaa nacho muda kupita kiasi bila kusema neno, sheria inahesabu umekikubali. Baada ya hapo unaweza kudai fidia, si kukikataa. Jambo lililonishangaza zaidi: sheria ile haikumpa mnunuzi haki ya kutengenezewa. Ilijua kukataa na kulipwa, basi. Matengenezo ni ahadi ya waranti ya kampuni, na mwenye kampuni ndiye anayeandika masharti.

Nao ule mlango wa nyuma ulishafungwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ikafuta makubaliano ya kumvua mteja ulinzi wa Sura ya 31. Muhuri umebaki wino tu. Wenye maduka wanaendelea kuugonga, na mimi siamini wote hawajui.

Kuna kipengele kingine ninachokipenda: anayekataa bidhaa kwa haki halazimiki kuibeba mpaka dukani. Inatosha kumjulisha muuzaji. Basi Alhamisi nikaandika ujumbe wa simu, sentensi tatu, nambari ya risiti na tarehe: naikataa, sijaifungua, nataka nyingine au pesa. Nikataja pia Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yake inataka kesi iishe kwa siku 60. Kwa mazishi nikakodi kamera ya rafiki, nikakatwa nusu ya malipo.

Jumatatu wakajibu: "Leta na boksi yake." Ningeweza kubishana kwamba waifuate. Nilipanda matatu ya Rongo, nikabadilisha hadi Migori. Walinipa nyingine bila samahani, nami nikaijaribu pale pale kwenye kaunta, nikipiga picha za muuzaji akiwa amenuna. Zote zimetoka safi kabisa.