Fainali Tatu za Afrika, Ushindi wa Nyumbani Sifuri

Novemba 27, 1993, Mwanza hakukuwa na kibanda umiza hata kimoja cha kuonyeshea mechi. Kisa? Tanzania Bara nzima haikuwa na kituo cha televisheni, vilianza mwaka uliofuata. Fainali ya Kombe la CAF, Simba dhidi ya Stella Abidjan ya Ivory Coast, ilifika ziwani kwa sauti tu kupitia Radio Tanzania. Siku hiyo mwenye redio na betri mpya ndiye alikuwa bosi wa mtaa.

Na hesabu ilikuwa nyepesi mno. Mechi ya kwanza kule Abidjan iliisha 0-0. Kazi iliyobaki ilikuwa kumaliza mambo Dar es Salaam, mbele ya Rais Ali Hassan Mwinyi na Uwanja wa Taifa uliofurika. Inasimuliwa kwamba kila mchezaji alishaahidiwa gari. Mwanza nayo ilikuwa na chake pale: ndani ya kikosi walikuwemo vijana waliopita Pamba, TP Lindanda, timu ambayo miaka mitatu nyuma iliipiga Anse Boileau ya Shelisheli jumla ya mabao 17-1. Ukitoka kwenye mji wenye kumbukumbu kama hiyo, utaogopaje mgeni?

Boli Zozo akafunga. Halafu akafunga tena. 2-0, kombe likapanda ndege kwenda Abidjan, na magari yakabaki stori.

Kizazi cha sasa kilidhani hayo ni mambo ya wazee. Ikaja Mei 28, 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho, Yanga na USM Alger. Safari hii runinga zilikuwepo kila kona, kuanzia Igogo mpaka Buhongwa. Yanga wakatangulia kufungwa, wakasawazisha dakika ya 82, watu wakarukiana. Dakika mbili tu baadaye Waarabu wakaweka la pili. Wiki ileile Yanga wakaenda Algiers wakashinda 1-0, ugenini, mbele ya mashabiki wenye fataki na moshi! Jumla ikawa 2-2, kombe likaenda kwa USM Alger kwa bao la ugenini. Yaani timu haikuzidiwa mabao, ila ilikosa taji kwa sababu ya dakika 90 za nyumbani kwake.

Mwaka 2025 zamu ikarudi kwa Mnyama. RS Berkane walimaliza robo tatu ya kazi ndani ya dakika 15 kule Morocco, 2-0. Marudiano yakahamishiwa Amaan, Zanzibar, Mei 25. Simba walipata bao mapema, wakabaki kumi, wakafunga jingine likakataliwa na VAR, mwisho wakasawazishiwa dakika za nyongeza. 1-1.

Jumlisha sasa: fainali tatu, mechi tatu za nyumbani, kufungwa mbili na sare moja. Watani wa jadi wanachekana kila siku mitandaoni, huyu anamkumbusha mwenzake Zozo, yule anajibu na bao la ugenini, lakini kwenye hesabu hii wako boti moja.

Kinachoshangaza ni kwamba Kirumba ilishaona sinema hii. Oktoba 2019 Yanga waliileta Pyramids ya Misri hapo CCM Kirumba, hatua chache kutoka Mwaloni kwenye dagaa. Mji ukajaa. Wamisri wakatulia wakaacha kelele ziishe pumzi, wakasubiri mwenyeji afunguke kutafuta mabao, wakaondoka na 2-1. Cairo wakaongeza tatu. Pyramids hao wakafika fainali ya msimu ule na kufungwa na nani? RS Berkane haohao. Juni 2025, wiki moja baada ya kilio cha Amaan, Pyramids wakawa mabingwa wa Afrika kabisa.

Timu hizi zinapokuja huku hazitafuti kupendeza. Sare zinaichukulia kama mtaji, bao moja la ugenini kama nyumba. Mwenyeji yeye anacheza na ahadi za magari, viongozi jukwaani na watu waliolala nje wakisubiri geti lifunguliwe, na kila dakika inayopita bila bao miguu inazidi kuwa mizito.

Pamba nayo imerudi Ligi Kuu, baada ya zaidi ya miaka 20, kwa jina la Pamba Jiji. Kirumba kuna vijana wanaoijua ile 17-1 kwa kusimuliwa tu, na bado wanaitaja mbele ya mgeni yeyote wa Dar anayeleta mdomo.