Kujificha Ili Usitishe: Historia ya Kamera za Porini

Leo naandika juu ya kamera. Siyo ile ya simu, hapana. Ni ile inayofungwa kwenye mti porini, mnyama akipita inapiga picha yenyewe. Mtauliza, inatuhusu nini sisi tunaoishi kambini? Nivumilieni kidogo, tutafika.

Alikuwepo mwanasheria mmoja wa Marekani, George Shiras, aliyezaliwa mwaka 1859. Alikuwa mwindaji. Kule Michigan, karibu na Ziwa Superior, alitumia mbinu ya wawindaji wa kabila la Ojibwe: usiku unapanda mtumbwi, unawasha moto mbele, unakwenda kimyakimya. Ayala, mnyama anayefanana na kulungu wetu, anashangaa mwanga, anasimama, macho yanang'aa. Hapo ndipo risasi inampata.

Mwishoni mwa karne ya 19 Shiras alianza kushika kamera badala ya bunduki. Mtumbwi ule ule, mwanga ule ule, ila sasa mnyama alibaki hai. Tena akatega kamba njiani: mnyama akiigusa, unga wa magnesiamu unalipuka na picha inapatikana bila mtu kuwepo. Mwezi Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapa picha zake 74. Miaka hiyo hiyo Mjerumani C. G. Schillings alikuwa akipiga simba usiku karibu na Kilimanjaro. Kitabu chake cha 1905 kilitaja kwenye jina lake vitu viwili pamoja: mwanga wa kamera na bunduki.

Lakini jamani, ule unga ulikuwa mlipuko kweli. Shiras aliweka hata kamera ya pili, ipige sekunde chache baada ya ya kwanza. Picha ya kwanza, ayala ametulia. Ya pili, anaruka kwa hofu. Hakufa, sawa. Lakini alitishwa.

Tangu hapo kazi kubwa imekuwa kupunguza hofu hiyo. Kamera za leo zinahisi joto la mwili linalosogea, na usiku zinatumia mwanga wa infraredi badala ya mlipuko. Wenye uzoefu huifunga juu ya usawa wa macho ya ayala na kuiinamisha, huielekeza njia kwa pembeni, huvaa glavu wasiache harufu, na hawaendi kuiangalia kila siku. Hata hivyo, mwaka 2014 watafiti wa Australia walionyesha kwamba kamera hizo bado zinatoa sauti na mwanga ambao wanyama wanaweza kuutambua. Sisi hatusikii kitu, mnyama anasikia.

Na faida ipo. Mwaka 2008 kamera za namna hii zilitupatia picha za okapi akiwa porini katika hifadhi ya Virunga, kule Kongo, mahali penye vita. Okapi ni mwenye aibu sana. Angesikia watu, asingepita.

Sasa tumefika kwetu. Siku moja mgeni alikuja pale bombani, akasimama nyuma ya gari, akawapiga picha akina mama waliokuwa kwenye foleni. Mama mmoja alipoona akajifunika uso na kitenge, akaondoka na ndoo tupu. Mgeni hakuwa na nia mbaya, naamini. Labda alidhani akijificha hatamsumbua mtu. Lakini mama yule siku hiyo alikosa maji.

Hapo ndipo ayala na mtu wanapotengana. Ayala huwezi kumuomba ruhusa, kwa hiyo heshima yako kwake ni kujificha vizuri asijue kabisa kama upo. Mtu ana mdomo. Heshima yake ni kinyume chake: jitokeze, salimia, sema jina lako na picha inakwenda wapi, halafu ngoja jibu. Akisema hapana, ni hapana.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, mkija na kamera, karibuni sana, ila anzeni na salamu. Na sisi vijana wenye simu tusicheke tu, maana wengi wetu tunawapiga wenzetu kwa kuwavizia. Wewe ukipigwa hivyo, utasikiaje?