HISTORIA YA DAMU KUVILIA: TOKA RUBA MPAKA BARAFU (Sehemu ya 3)

Wiki iliyopita tuliongelea vidonda vya wazi. Leo ni jeraha ambalo halitoi damu nje. Mtoto ameanguka na baiskeli, ngozi haijachanika, lakini paja limevimba na limekuwa jeusi kama bilinganya. Hapo damu imevilia ndani ya msuli.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache nyuma nikiwa zamu ya mchana, mama mmoja alileta kijana wake wa miaka 9. Alikuwa anateremka mlima na baiskeli ya kaka yake, breki zikakataa, paja likagonga jiwe. Mfupa ulikuwa mzima. Ila tangu jana yake mama alikuwa anamkanda kwa maji ya moto na kumchua kwa nguvu. Nikamfokea. Halafu nikampa ushauri niliotoka nao chuoni: barafu, na mtoto alale, asikanyage chini mpaka apone kabisa.

Walirudi baada ya wiki tatu. Uvimbe umeisha, lakini goti halikunji. Mazoezi yalichukua karibu miezi miwili. Mama wa watu alinitazama tu, hakusema kitu. Nikaanza kujiuliza: hivi huu ushauri wetu umetoka wapi?

Kumbe una historia ndefu.

Zamani, madaktari wa Ugiriki na waliowafuata waliamini damu ikikaa mahali pasipo pake inaoza, kwa hiyo lazima itolewe. Wakakata mishipa, wakabandika ruba. Ufaransa mwaka 1833 iliingiza ruba zaidi ya milioni 40 kutoka nje, ndani ya mwaka mmoja! Huku kwetu pwani wazee waliumika kwa pembe, na hijama bado ipo mpaka leo. Wazo ni hilo hilo: damu mbaya itoke.

Mwaka 1847 daktari wa Ujerumani, Rudolf Virchow, aliangalia damu ya zamani iliyovilia kwa hadubini. Akaona chembe za rangi zinazofanana na rangi ya nyongo. Mwaka 1968 watafiti Marekani wakaeleza kimeng'enya kinachoanza kuivunja ile rangi nyekundu ya damu. Ndiyo maana alama ya mtoto wako huanza nyekundu au zambarau, ikaja kijani, ikaisha na njano. Mama mwenye kichanga, hiyo njano ni ile ile ya manjano ya watoto wachanga. Mtoto aliyezaliwa na damu imevilia kichwani huwa na hatari zaidi ya kupata manjano, kwa sababu mwili una damu nyingi ya kuvunja. Kwa hiyo ile damu haiozi. Mwili unaifagia wenyewe, unachohitaji ni muda.

Lakini msuli uliopondwa sana ni habari nyingine. London mwaka 1941, wakati wa mabomu ya Wajerumani, daktari Eric Bywaters na mwenzake Beall waliandika juu ya watu waliofukuliwa kwenye vifusi wakiwa hai. Mwanzoni walionekana wana nafuu, kisha figo zikagoma, wakafariki. Leo tunajua msuli uliopondwa humwaga vitu kwenye damu vinavyoziba na kuharibu figo. Kwa mtoto wa baiskeli hili ni nadra, ila ndiyo sababu hospitali tunakuuliza mkojo una rangi gani.

Sasa barafu. Mwaka 1978 daktari wa michezo wa Marekani, Gabe Mirkin, aliandika kitabu chenye kanuni ya mambo manne: pumzika, weka barafu, funga bandeji, inua juu. Dunia nzima ikaishika, na sisi chuoni tukaikariri. Mwaka 2014 Mirkin huyo huyo akaandika kwamba barafu na kupumzika kabisa vinaweza kuchelewesha kupona, maana uvimbe wa mwanzo ndio unaoleta chembe za kukarabati msuli. Jamani, mwenye kanuni kabadili mawazo, sisi wodini bado tunaikariri!

Basi tufanye nini?

Siku mbili za kwanza: usikande kwa moto, usichue. Unaongeza kuvuja damu, na msuli wa paja ukichuliwa kwa nguvu unaweza hata kuota mfupa ndani. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, ni ya kupunguza maumivu tu. Inua mguu juu ya mto. Panadoli kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini usimpe mtoto.

Baada ya hapo: aanze kukunja na kunyoosha taratibu, atembee kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kitambaa cha uvuguvugu sasa ruksa. Baiskeli asubiri mpaka goti likunje sawa na la pili.

Kimbia hospitali ukiona haya:
– Maumivu yanazidi badala ya kupungua, paja gumu kama ubao, vidole vya mguu vina ganzi au vya baridi.
– Mkojo mweusi kama chai ya rangi.
– Usukani ulimchoma tumboni, hata kama alama ni ndogo, hasa akitapika, akilia tumbo au akipauka.
– Aligonga kichwa, anasinzia ovyo au anatapika.
– Anavilia damu mara kwa mara bila kugongwa.

Na wewe mama wa yule kijana, kama unasoma hapa, naomba radhi. Wewe ulimkanda siku moja kwa mapenzi. Mimi nilimlaza wiki tatu kwa kujiamini. Kumfokea mama hakumponyi mtoto, na tangu siku ile kabla ya kusema chochote namuuliza kwanza mama amefanya nini nyumbani, na kwa nini.

Sehemu ya 4 tutaongelea kuungua kwa uji na chai. Kama mwanao amewahi kuanguka na baiskeli, niambie hapa chini mlimtibu vipi. Sitakufokea.