Deni Ndilo Nahodha: Meli za Mvuke na Wavuvi Wetu

Anayeshuka kutoka Wazo alfajiri kuelekea pwani ya Kunduchi huwakuta wavuvi wakirejea. Mashua za mtando wa dagaa zimekesha baharini na taa zake, na wachuruzi wamekwisha kujipanga ufukweni na ndoo zao. Samaki wakishauzwa watu wengi huondoka. Mimi hupenda kubaki, kwa kuwa hapo ndipo hufanyika jambo kubwa la siku, yaani mahesabu. Kwanza hutolewa mafuta ya mashine, kisha mafuta ya jenereta ya taa, barafu, chakula cha usiku na ushuru. Kinachobaki hugawanywa mafungu: fungu la tajiri mwenye chombo na nyavu, na fungu la mabaharia, ambalo nalo hugawanywa kwa vichwa, nahodha na fundi mashine wakiongezewa kidogo. Zipo asubuhi ambazo, baada ya makato, hakibaki kitu. Baharia huchukua kitoweo chake akaenda kulala, na usiku unaofuata anarudi chomboni.

Nimefundisha historia kwa miaka kadhaa, na kila niyaonapo mahesabu hayo hukumbuka bandari za mbali ambako yalipigwa kwa namna ile ile. Nazikumbuka kwa sababu leo Serikali yetu inakopesha wavuvi boti za kisasa, na katika semina za uchumi wa buluu husikika sana maneno ya mashine, uwezo wa tani na vifaa vya kuonesha samaki walipo. Mgawo hautajwi. Hoja yangu katika makala haya ni moja: chombo kipya kinapokuja na deni jipya, deni hilo huamua ni lini mvuvi atoke, akae majini muda gani na avue nini. Sheria inayotazama wavu bila kutazama deni hufika ufukweni ikiwa imechelewa.

Mwaka 1897, katika bandari ya Lowestoft, mashariki mwa Uingereza, iliteremshwa majini Consolation, meli ya kwanza ya mvuke kujengwa bandarini hapo kwa ajili ya uvuvi wa heringi. Heringi ni samaki wa ukoo mmoja na dagaa wa Kigoma. Huishi kwa makundi makubwa na hupanda juu ya maji usiku. Kabla ya mvuke, wavuvi walitegemea matanga, na upepo ukikatika samaki waliharibika njiani. Meli ya mvuke ilifika sokoni kwa saa iliyotakiwa, na aliyefika mapema aliuza kwa bei nzuri. Katika miaka michache wenye matanga waliona kwamba wasiponunua mvuke watabaki nyuma.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mabaharia walikuwa kama kumi. Jioni walishusha nyavu nyingi zilizounganishwa, zikaning'inia majini kama pazia lenye urefu wa karibu maili mbili, na meli ikaelea nazo usiku kucha. Kabla ya mapambazuko walianza kuzivuta. Winchi ya mvuke ilivuta kamba kuu, lakini wavu wenyewe ulivutwa na kukung'utwa kwa mikono ya watu, saa baada ya saa, na samaki wakiwa wengi kazi iliendelea hadi mchana. Chini, ndani ya joto, mtia makaa alilisha tanuri. Kijana mpishi, mara nyingi aliyekuwa na umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, ndiye aliyekunja kamba iliyolowa katika chumba chake chenye giza kadiri ilivyoingia, kisha akapanda kupika chai. Ufukweni walingoja wanawake waliosafiri kwa treni kutoka Uskoti, wakifuata samaki bandari kwa bandari. Walifanya kazi watatu watatu, wawili wakipasua na mmoja akipanga katika mapipa ya chumvi, na vidole vyao wakavifunga vitambaa ili visikatwe na kisu wala kuchomwa na chumvi.

Sasa tuje kwenye mahesabu. Meli moja ya namna hiyo iligharimu kama paundi elfu tatu, mara kadhaa ya bei ya mashua ya tanga. Wavuvi wengi wa Uskoti hawakuwa na fedha hizo. Walikopa benki, na walikopa kwa mawakala wa kuuza samaki na kwa wenye viwanda vya kutia chumvi. Mkopeshaji akawa na hisa chomboni, akawa ndiye muuzaji wa samaki, na wakati mwingine ndiye muuzaji wa makaa na kamba pia. Mwisho wa msimu yalitolewa kwanza makaa, chakula, ushuru wa bandari na ujira wa wakala. Kilichobaki, kwa desturi ya Uskoti, kiligawanywa mafungu matatu: moja la chombo, moja la nyavu, moja la watu. Asiyekuwa na hisa katika chombo wala nyavu alingoja sehemu ndogo ya fungu la tatu. Baada ya msimu mbaya, mtu aliweza kurudi kwao mikono mitupu baada ya majuma mengi ya kazi.

Tanga lilipokosa samaki, mwenye chombo alipoteza jasho na muda. Meli ya mvuke iliteketeza makaa hata iliporudi tupu, na riba haikungoja samaki. Kwa hiyo meli zilitoka hata samaki walipokuwa wachache na bei ilipokuwa chini, kwani kukaa bandarini kulikuwa hasara ya hakika na kutoka kulikuwa walau bahati nasibu. Mwaka 1913 uvuvi huo ulifika kileleni, meli zaidi ya elfu moja zikikusanyika Great Yarmouth na Lowestoft wakati wa vuli. Ukaja mwaka 1914 na vita. Ujerumani na Urusi, wanunuzi wakubwa wa heringi wa chumvi, wakaacha kununua, na baada ya vita soko halikurudi kama zamani. Deni lilibaki pale pale. Mwaka 1935 serikali ya Uingereza iliunda bodi maalumu ya heringi, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kupunguza idadi ya vyombo. Lydia Eva, meli pekee ya aina hiyo iliyosalia hadi leo, ilijengwa mwaka 1930 na ikaacha kuvua heringi mwaka 1938. Ilivua miaka minane tu.

Msomaji anaweza kudhani kwamba dawa ilikuwa mshahara badala ya mgawo. Historia ya Grimsby, bandari ya trola, yaani meli za kukokota wavu chini ya bahari, inatuzuia kukimbilia jibu hilo. Trola za mvuke zilianza kujengwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1901 wenye meli walitaka kubadili malipo, wapunguze ujira wa hakika na kuongeza sehemu inayotegemea mavuno. Mabaharia walikataa, meli zikafungwa bandarini kwa miezi, na Septemba umati ukachoma moto ofisi za umoja wa wenye meli. Mabaharia wa Grimsby hawakuwa wakiuchukia mgawo kama mgawo. Walikataa kuzidishiwa hasara ya bahari bila kuongezewa sauti katika mahesabu.

Miaka thelathini baada ya Consolation, mtaalamu kutoka Lowestoft alifika kwetu. Jina lake Michael Graham, mtafiti wa maabara ya uvuvi ya bandari hiyo, aliyetumwa kuchunguza Ziwa Victoria mnamo 1927 na 1928. Huku, mvuke haukuwa umevuta nyavu. Ulikuwa umevuta soko. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, stima zikaunganisha bandari za ziwa, na samaki wa Ghuba ya Kavirondo akaanza kusafiri hadi Nairobi. Mwaka 1905 ziliingia nyavu za kitani kutoka Ulaya. Mwanzoni wavu mmoja uliweza kunasa ngege kati ya 50 na 100 kwa usiku. Kufikia miaka ya 1920, katika ghuba hiyo, hawakufika kumi. Graham aliona kwamba ngege wanavuliwa kupita kiasi, akashauri matundu ya nyavu yasipungue inchi tano. Mwaka 1933 ushauri wake ukawa sheria ya ziwa.

Ushauri wa Graham ulikuwa wa kitaalamu na wa kweli. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1943 aliandika kanuni inayokumbukwa hadi leo: uvuvi usio na mpaka hufika mahali ambapo haumpi mtu faida. Lakini sheria ya inchi tano haikudumu. Mvuvi alikuwa amenunua nyavu za dukani kwa fedha, na ngege walivyozidi kupungua ndivyo wavu wa matundu makubwa ulivyoshindwa kurudisha fedha hizo. Akahamia matundu madogo. Wakaguzi walikuwa wachache na ziwa ni pana. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi zote tatu zilikuwa zimekwisha kuifuta sheria hiyo. Ilikuwa imemwambia mvuvi ni wavu gani asitumie, lakini haikuuliza alipe nini mwisho wa mwezi.

Habari hii ilijirudia na sangara. Viwanda vya minofu viliposimama Mwanza katika miaka ya 1990, mawakala walitoa mitumbwi, mashine na nyavu kwa mkopo, na mkopaji akalazimika kuwauzia wao samaki wake. Ni sura ile ile ya wakala wa Uskoti. Katika Operesheni Sangara ya mwaka 2018 nyavu haramu zilichomwa moto hadharani. Sitetei kokoro wala wavu wa matundu madogo, kwani samaki mchanga akivuliwa leo hatakuwapo kesho. Ila nauliza: wavu uliochomwa ukiwa bado haujalipwa, deni lake lilichomwa pamoja nao? Halikuchomwa. Na mwenye deni asiye na wavu hutafuta wavu mwingine wa haraka, yaani wa bei rahisi.

Pwani nako tumekuwa na trola zetu, za dizeli, zilizokokota kamba katika maji ya Bagamoyo, Rufiji na Kilwa. Wavuvi wadogo walilalamika kwa miaka mingi kwamba trola hupita juu ya nyavu zao na kutupa samaki wadogo waliokufa. Mwishoni mwa mwaka 2007 Serikali ilisimamisha uvuvi huo ili kamba waongezeke. Kisha, Machi 2009, ikakamatwa Tawariq 1 ikiwa na watu 37, na samaki wakagawiwa wananchi. Mahakama ilitoa hukumu nzito mwaka 2012, na Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2014. Watanzania wengi wanawakumbuka samaki wale, tena kwa jina la waziri wa wakati huo. Ni wangapi tunaokumbuka kuuliza mabaharia wale, wengi wao kutoka Asia, walikuwa wakilipwa kwa mkataba wa namna gani? Hata tulipomkamata aliyetuibia, macho yetu yalibaki kwenye samaki.

Ndiyo maana nawaandikia leo, hasa ninyi watumishi wa umma mnaoandaa mikopo ya boti, na ninyi wanafunzi mtakaorithi ofisi zao. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinaeleza leseni, zana na matundu, na ni vema ziendelee kueleza hayo. Kuna mambo matatu ambayo historia ya mvuke inatudai tuyaongeze.

La kwanza, marejesho yafuate bahari. Mvuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi ikiwaka, na kusi kikichachamaa vyombo vidogo hukaa nanga. Mkopo unaodai kiasi kile kile kila mwezi, hata kama hauna riba, unamwamuru mtu atoke wakati bahari imemkataza. La pili, anayekopesha asiwe ndiye mnunuzi wa lazima wa samaki, kwani mvuvi asiyeweza kuuza kwingine hana bei ya kujadili. La tatu, mahesabu ya chombo yaandikwe, na kila baharia awe na haki ya kuyaona. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za fukwe tayari vipo. Vimezoea kuhesabu nyavu haramu, na vinaweza pia kutunza daftari la makato.

Nitajibiwa kwamba matajiri wa vyombo hawatakubali. Wengine hawatakubali, ni kweli. Lakini tajiri wa Kunduchi mara nyingi naye ana deni juu yake, na mgawo wa siri haumlindi siku soko litakapoanguka, kama usivyowalinda wenye meli za Lowestoft. Boti za mkopo huu zinanunuliwa kwa dhamana ya umma, kwa hiyo umma una haki ya kuweka sharti.

Juma lililopita nilimuuliza baharia mmoja kijana kama amewahi kuona risiti ya mafuta yanayokatwa kila asubuhi. Alicheka, akasema, "Mwalimu, sisi tunaambiwa tu." Afisa atakayeidhinisha boti inayofuata aanze na swali hilo kabla ya kuuliza uwezo wa mashine.