Ngao Iliyotobolewa Ziwani

Pwani ya Rumonge ilikuwa ingali mikononi mwa Wajerumani, tarehe 26 Desemba 1915, wakati mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou (majina ya Kifaransa hayo, ingawa la kwanza huchekesha masikio ya Waswahili), ziliposhambulia meli ya Kijerumani Kingani ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, karibu na Lukuga. Kombora moja lilipenya ngao ya chuma ya mzinga, likapasuka. Kamanda na wenzake wawili waliuawa.

Wengi hudhani ya kuwa unene wa chuma watosha. Sivyo. Chuma kigumu mno huvunjika. Kilicho laini hubonyea hata kikatoboka. Tena pigo ni la ghafla mno, joto halipati nafasi ya kuenea, na chuma hulegea papo hapo palipopigwa.

Mwaka 1983 Wamarekani wawili, Johnson na Cook, walitoa kanuni inayounganisha kupindika kwa chuma, kasi ya pigo na joto. Kwa kanuni za namna hiyo kompyuta hugawa bamba katika vipande vidogo vingi na kukokotoa hali ya kila kimoja. Hata hivyo bamba lenyewe bado hupigwa risasi halisi uwanjani, kabla askari hajakabidhiwa.