Je, viini vilivyomo chakulani vyaweza kuleta saratani ya figo?

SARATANI ya figo ni ugonjwa unaonyemelea. Aghalabu uvimbe hukua kwa muda mrefu bila maumivu yoyote, hadi mgonjwa anapoona damu katika mkojo, anaposhikwa na maumivu ya ubavuni yasiyokwisha au anapopapasa kiunoni na kuhisi uvimbe. Mwaka 2022, watu zaidi ya 430,000 duniani walikadiriwa kupatwa na saratani hiyo, na zaidi ya 150,000 kufariki kutokana nayo.

Katika eneo kama Nyamarambe, Kaunti ya Kisii, ambako mvua ni nyingi na mahindi huwa vigumu kukauka baada ya kuvunwa, ni haki ya mlaji kuuliza iwapo chakula chaweza kuwa chanzo cha maradhi hayo. Ili kulijibu swali hilo, sharti yatenganishwe mambo matatu ambayo huchanganywa mara nyingi: viini vyenyewe, sumu ya kuvu, na mimea yenye sumu inayovunwa pamoja na nafaka.

Kuhusu viini, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon nchini Ufaransa, limeorodhesha kadhaa vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Baadhi hupitia kinywani. Minyoo ya ini ipatikanayo kwa kula samaki wabichi katika nchi kadhaa za Asia huleta saratani ya mirija ya nyongo, nayo bakteria ya Helikobakta pailori huleta saratani ya tumbo. Kichocho cha mkojo, ambacho huambukizwa kwa maji wala si kwa chakula, huleta saratani ya kibofu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichothibitishwa kuwa chanzo cha saratani ya figo.

Zipo pia aina za bakteria ya E. koli ambazo, zikiliwa katika nyama isiyoiva vyema, hutoa sumu inayoharibu figo, hasa za watoto. Hata hivyo, figo kushindwa kufanya kazi ni jambo moja, na saratani ni jambo jingine.

Shaka kubwa imeelekezwa kwa kuvu. Okratoksini ni sumu itokanayo na kuvu zinazoota katika nafaka, maharagwe na buni zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 1989 yalionyesha kuwa panya waliolishwa sumu hiyo walipata uvimbe wa figo. Mwaka 1993 shirika la Lyon liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani kwa binadamu, kwa kuwa ushahidi kutoka kwa wanyama ulitosha lakini ule wa binadamu haukutosha.

Yaliyotokea katika nchi za Balkan yanafunza subira. Tangu miaka ya 1950, wataalamu walichunguza ugonjwa wa figo katika vijiji vilivyo kando ya mito inayomwaga maji yake katika mto Danube. Wagonjwa wengi walipata pia saratani ya njia ya mkojo. Kwa miaka mingi okratoksini ilinyoshewa kidole. Baadaye ilibainika kuwa mhusika mkuu ni asidi aristolokiki, sumu ya gugu lililoota katika mashamba ya ngano na ambalo mbegu zake zilisagwa pamoja na unga.

Mwaka 2024, utafiti wa jeni za uvimbe wa figo katika nchi 11 ulikuta alama za sumu hiyo kwa wagonjwa wengi wa Romania na Serbia. Hakuna nchi ya Afrika iliyokuwamo.

Kenya inayo sababu yake ya kuiogopa kuvu. Mwaka 2004, mahindi yenye aflatoksini yaliwadhuru watu 317 na kuua 125, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui. Aflatoksini hushambulia ini zaidi, lakini huzaliwa na kosa lile lile: kuhifadhi nafaka ambayo haijakauka.

Kwa hivyo kinga ni moja. Mahindi yaanikwe juu ya turubai badala ya udongo mtupu, na yasitiwe ghalani kabla ya unyevu kushuka hadi asilimia 13.5. Punje zilizoota kuvu zitengwe na kutupwa, kwa kuwa kuzipika hakuondoi sumu. Kumlisha ng'ombe si suluhisho, maana aflatoksini hupita hadi katika maziwa.

Pamoja na hayo, vyanzo vya saratani ya figo vilivyothibitishwa visisahauliwe kwa sababu ya vinavyoshukiwa. Uvutaji wa sigara, unene wa kupindukia na shinikizo la damu ndivyo vinavyoongoza. Naye anayeona damu katika mkojo, hata mara moja na bila maumivu, hana budi kwenda hospitalini kupimwa mapema, kwani uvimbe ambao haujaenea waweza kuondolewa kwa upasuaji.