Tawasifu: Shahidi Katika Kesi Yake Mwenyewe



Leo nataka tuzungumze vitabu. Si riwaya wala vitabu vya mitihani, bali vile ambavyo mtu ameketi akaeleza maisha yake kwa kinywa au kalamu yake mwenyewe. Wataalamu wa lugha yetu wanaviita tawasifu, ili kuvitenga na wasifu, ambao ni maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine.

Sababu ya kuleta mada hii ni barua na ujumbe wa wasikilizaji wanaouliza jambo moja kila mara: mtu mzima aliyekwisha kuacha shule, mwenye kazi na watoto, asome nini apate kuijua historia ya nchi hizi bila ya kurudi darasani? Jibu langu ni fupi. Aanze na tawasifu. Humo atakuta bei za bidhaa, mwendo wa misafara, ugomvi wa ndugu na hofu ya mfungwa, mambo ambayo vitabu vya shule huyapitia kwa sentensi moja.

Lakini natoa angalizo mapema. Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwandishi wa tawasifu ni shahidi katika kesi yake mwenyewe, naye ndiye wakili na wakati mwingine hujifanya hakimu. Kwa hiyo msomaji anapaswa kusikiliza anayosema, na pia kuyatafuta aliyoyanyamazia.

Kitabu cha kwanza ninachokipendekeza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Huyu ni mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyezaliwa Unguja katika miaka ya 1830 na kufariki huko huko mwaka 1905. Aliandika habari zake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, baada ya kuombwa na Mjerumani aitwaye Heinrich Brode. Zilichapishwa Ujerumani mwaka 1902 na 1903, na baadaye, katika miaka ya 1950, W. H. Whiteley akazitafsiri kwa Kiingereza. Kitabu hiki ni miongoni mwa tawasifu za kwanza kabisa katika lugha yetu, na wengi waliopita mbele ya nyumba yake kule Mji Mkongwe hawajapata kukishika mkononi.

Tippu Tip hapotezi muda. Anaanza na safari zake za karibu alipokuwa kijana wa miaka kumi na miwili, kisha anakuchukua Tabora, Ziwa Tanganyika, Manyema, hadi ndani kabisa ya Kongo. Anahesabu pembe kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Anawataja Wazungu aliokutana nao: Livingstone mwaka 1867, Cameron mwaka 1874, Stanley mwaka 1876. Hapo ndipo utamu ulipo. Katika vitabu vya Wazungu hao, Tippu Tip ni mtu wa pembeni anayetoa msaada. Katika kitabu chake mwenyewe, wao ndio wageni wanaohitaji kuongozwa, nao wakati mwingine hawatimizi ahadi. Juu ya ujira wa kumsindikiza Stanley, kwa mfano, maneno ya Stanley na ya Tippu Tip hayapatani hata kidogo.

Kuna kisa kimoja ambacho peke yake kinatosha kukifanya kitabu hiki kisomwe. Tippu Tip alisikia kwamba mtemi mmoja wa Utetera alikuwa na ndugu wa kike waliotekwa zamani wakapelekwa mbali. Akafika kwa mtemi akadai kwamba mmoja wa wanawake hao ni bibi yake. Mzee yule akamwamini, akampokea kama damu yake, na mwishowe akamwachia utawala. Tippu Tip anatueleza hila hii bila haya, kama mtu anayesimulia biashara iliyomwendea vizuri. Mwaka 1887 mfanyabiashara huyu akawa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Sasa tazama ukimya. Pembe zinahesabiwa, bunduki zinasikika, na jina lenyewe la Tippu Tip, kwa maelezo yake, linatokana na mlio wa bunduki zile. Je, wale waliozibeba pembe hizo? Wale waliofungwa minyororo? Juu yao kalamu inakuwa nyepesi mno. Wamo, lakini hawana sauti. Mtu akikisoma kitabu hiki peke yake anaweza kufunga kurasa akidhani biashara ile ilikuwa ushujaa mtupu.

Ndiyo maana nasema tawasifu zisomwe mbili mbili. Ukimaliza Tippu Tip, tafuta kijitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa London mwaka 1934. Mbotela alitoka katika jamii ya watumwa waliokombolewa na kuwekwa Freretown, karibu na Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875. Anasimulia yale ambayo wazee wake waliyapitia: kutekwa, njia ndefu ya kwenda pwani, jahazi, kisha meli ya Waingereza. Naye ana upande wake. Anawasifu mno Waingereza na wamisionari, na Waarabu anawapaka rangi moja tu. Hata hivyo weka vitabu hivi viwili mezani, kimoja kulia na kingine kushoto, nawe utaisikia karne ya 19 ikijibizana yenyewe kwa yenyewe, tena kwa Kiswahili.

Kitabu cha pili ni cha mwanamke. Sayyida Salme alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, binti wa Sayyid Said. Alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu mabinti wa jumba la mfalme walifundishwa kusoma tu. Kalamu hiyo ndiyo iliyomtia matatani. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipopanga njama ya kumpindua Majid, Salme alikuwa na miaka 15 tu, naye ndiye aliyekuwa katibu wa njama hiyo. Njama ikashindwa na Barghash akapelekwa Bombay.

Baadaye Salme akapendana na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1866, akiwa mja mzito, aliondoka Unguja usiku kwa meli ya kivita ya Waingereza. Huko Aden akabatizwa kwa jina la Emily, akaolewa, akaenda Hamburg. Mwaka 1870 mume wake akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa bado akijifunza. Kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani.

Sijui kitabu kingine kinachotuingiza ndani ya nyumba za Unguja ya zamani namna hii: vyakula, mavazi, wivu wa wake wenza, sikukuu, magonjwa. Naye pia ana ukimya na ana utetezi wake. Juu ya utumwa aliandika kana kwamba ulikuwa ni malezi, si dhuluma. Maneno hayo hayakusahauliwa. Mwaka 2019 uwanja mmoja wa Hamburg ulipewa jina lake, na mwaka uliofuata wakuu wa wilaya wakaamua jina liondolewe kwa sababu ya aliyoyaandika juu ya watumwa. Mtu alikwisha kufa tangu mwaka 1924, na kitabu chake bado kinaendelea kutoa ushahidi, safari hii dhidi yake mwenyewe.

Tuingie karne ya 20. Marehemu Shaaban Robert hahitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Kiswahili, lakini wengi wanamjua kwa mashairi na Kusadikika tu. Soma Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Usitegemee mambo mengi ya utoto wake, maana hasemi sana huko. Utakutana na karani wa serikali ya kikoloni, mtu wa Tanga aliyefanya kazi idara ya forodha, akahamishwa hadi Mpwapwa, akafiwa na mke, na akiwa katika shida hizo zote akaketi kuwatungia watoto wake tenzi za maadili. Ukitaka kujua mtumishi mweusi wa serikali alivyojitahidi kulinda heshima yake katika utawala ambao haukumhesabu kuwa mtu kamili, kitabu ndicho hicho.

Kilinganishe na cha Martin Kayamba, karani mwingine wa Tanga, aliyeandika Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Mwaka 1931 Kayamba alikwenda London pamoja na Chifu Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Waafrika watatu wakaitazama London, na safari hii Mzungu ndiye anayeelezwa mila zake.

Kwa upande wa Kenya nachagua kitabu cha Josiah Mwangi Kariuki, Mau Mau Detainee, kilichotoka mwaka 1963 na kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mau Mau Kizuizini. Kariuki alishikiliwa kambi baada ya kambi tangu mwaka 1953 hadi 1960 bila ya kuhukumiwa na mahakama. Anaeleza vipigo, njaa, madarasa ambayo wafungwa walijifundisha wenyewe, na barua zilizotoroshwa kambini kwenda kwa wakubwa wa Uingereza. Kinachonishangaza ni jinsi anavyoandika bila chuki. Akatoka, akawa mbunge, akawa mtetezi wa wanyonge katika Kenya huru. Machi 1975 aliuawa, na mwili wake ukakutwa katika vilima vya Ngong. Serikali ya mkoloni haikummaliza, akaja kufa katika nchi aliyoipigania. Msomaji anayejua mwisho huo hawezi kuzisoma kurasa za matumaini mle ndani kwa macho makavu.

Na wakubwa wetu wa siku za karibuni? Hapa nina habari njema na mbaya. Mwalimu Nyerere alituachia hotuba na vitabu vingi, lakini alifariki mwaka 1999 bila ya kuandika tawasifu. Maisha yake tunayapata kwa mikono ya wengine. Rais Mkapa aliandika My Life, My Purpose, kilichotoka mwaka 2019, miezi michache kabla ya kifo chake, na humo akayagusa mauaji ya Pemba ya Januari 2001 kama doa katika utawala wake. Ni viongozi wachache wanaothubutu kufanya hivyo.

Mzee Ali Hassan Mwinyi yeye alichagua Kiswahili. Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu kilizinduliwa tarehe 8 Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96. Huyu ndiye waziri aliyejiuzulu mwaka 1977 kwa mateso na vifo vilivyotokea Shinyanga na Mwanza mikononi mwa watumishi wa dola, ingawa hakunyanyua yeye mkono wake. Ndiye pia aliyeipokea nchi mwaka 1985, maduka yakiwa matupu. Wapo wanaomsifu kwa kufungua milango na wapo wanaosema kwamba Azimio la Arusha lilipotelea kwenye milango hiyo hiyo. Msome, kisha uamue. Alifariki tarehe 29 Februari 2024, miaka mia moja kamili, siku kwa siku, tangu Sayyida Salme alipofariki kule Jena.

Ukiitazama orodha yangu utaona kasoro yake: makarani, wafanyabiashara, mabinti wa wafalme, marais. Mchukuzi wa Tippu Tip hakuandika. Bibi Titi Mohamed, aliyewatoa maelfu ya wanawake majumbani wakajiunga na TANU, hakutuachia tawasifu ya mkono wake. Sauti yake na za wenzake tunazipata zaidi kwa sababu mtafiti wa Kimarekani, Susan Geiger, aliwaendea na kinasa sauti na kuchapisha kitabu mwaka 1997. Tunamshukuru. Lakini tujiulize kwa nini ilikuwa lazima aje mtu kutoka mbali hivyo.

Mimi mwenyewe nimepata kurekodi wazee wengi katika kazi hii. Katika kituo kimoja nilichopata kufanya kazi, mahojiano ya saa tatu na mzee aliyekuwa kuli bandarini wakati wa mkoloni yalifutwa ili kupata nafasi ya matangazo ya biashara. Nilipouliza, nikaambiwa mzee mwenyewe si mtu maarufu. Mzee yule alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo hapakuwa na wa kumrudia.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, nunua au azima kimoja kati ya vitabu hivi mwezi huu. Vingine havipatikani kirahisi madukani, lakini maktaba za mikoa na wauza vitabu vikuukuu wa kando ya barabara wana hazina ambayo wenyewe hawaijui. La pili, kama nyumbani kwenu yupo mzee mwenye kumbukumbu, mpelekee daftari. Kama hawezi kuandika, simu uliyo nayo mfukoni ina kinasa sauti. Usimuulize juu ya uhuru na siasa tu. Muulize mshahara wake wa kwanza ulikuwa kiasi gani, kilo ya sukari iliuzwaje, nani alimwonea na nani alimsaidia. Akivutia ngozi kwake, mwache avutie. Wajukuu watamlinganisha na wengine, mradi awe ameacha neno la kulinganishwa.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa, kwaherini.